Vidokezo 11 kwa Anayetaka Kuwarekodi Wasanii kwa Kujitolea

Muulize kiongozi wa kikundi chochote cha ngoma, kuanzia Tanga hadi Makunduchi, kama anayo video nzuri ya kikundi chake. Mara nyingi atafungua simu akuonyeshe kipande cha dakika moja: picha inayumba, sauti imepasuka, kichwa cha mwimbaji kimebaki nje. Kisha ataanza kukuhesabia waliokuja na kamera kubwa, wakarekodi jioni nzima, wakaaga kwa bashasha na wasionekane tena.

Sisi wenye ujuzi wa kamera tuna jambo kubwa la kutoa hapo, na halihitaji fedha nyingi. Linahitaji wikiendi mbili tatu, vifaa ambavyo tayari tunavyo, na nia ya kurudi. Ninaamini kwamba video ya kujitolea huwa zawadi siku inapofika mikononi mwa wenyewe, ikiwaonyesha vile wanavyotaka kuonekana. Vidokezo hivi vyote vinailenga siku hiyo.

1. Uliza video ni ya kazi gani

Kikundi kikikuambia "tunataka video", bado hujaambiwa kitu. Kinachotafuta mwaliko wa tamasha kina haja yake, kinachotafuta kazi za harusi kina yake, na kinachotaka kuhifadhi nyimbo za mzee wao kina yake kabisa. Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Zanzibar tangu 2004, linasisitiza muziki unaopigwa moja kwa moja jukwaani. Kwa tamasha la namna hiyo, toa wimbo mmoja mzima usiokatwakatwa, wapigaji wakionekana kazini. Kwa harusi, dakika mbili zenye shamrashamra zinatosha. Kwa kumbukumbu ya mzee, acha kamera iende: anapokosea na kuanza upya, anapoeleza ubeti ule aliutungia kisa gani, anapomsahihisha kijana anayepiga dumbaki. Hayo ndiyo wajukuu watakayoyatafuta.

2. Siku ya kwanza nenda bila kamera

Kaa mazoezini, kunywa kahawa, jifunze majina. Utajua nani anaongoza, nani ana haya, na wimbo gani wanaupiga mioyo yao ikiwa imetulia. Siku ya kurekodi hawatakuwa wanamwangalia mgeni.

3. Neno "bure" lielezwe

Hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika. Kusema unarekodi bure hakujamaliza maswali. Nauli analipa nani? Unaweza kukiweka kipande kwenye ukurasa wako? Kampuni ikitaka kununua picha baadaye, fedha ni za nani? Andikeni karatasi moja ya Kiswahili, fupi, inayosomeka kwa sauti mbele ya wote: hulipwi, huuzi, nyimbo ni za watunzi wake, na kikundi kinapata nakala zote. Mimi naenda mbali zaidi: naona video nayo iwe mali ya kikundi, na wewe uombe ruhusa ya kuionyesha. Ukitoa zawadi kisha ukashika mkia wake, hujaitoa.

Kujitolea hakukuondolei haja ya kibali pia. Tanzania Bara kuna Bodi ya Filamu, na Zanzibar kuna Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Pita huko mapema, halafu kwa sheha au mwenyekiti wa mtaa. Kama watunzi hawajasajili kazi zao kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Bara au COSOZA kwa Zanzibar, wasindikize. Asubuhi moja ya kukaa nao kwenye foleni inaweza kuwafaa kuliko video yenyewe.

4. Jua kisichorekodiwa

Unyago una mambo ya wanawake peke yao, jando lina yake, na ngoma za pepo zina masharti yake. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarab na pia kwa unyago. Alichokipeleka jukwaani alikipeleka mwenyewe, kwa uamuzi wake. Somo au kungwi akikuambia hapa kamera inazimwa, izime, weka kifuniko kwenye lenzi wakuone, na usiulize mara ya pili. Waliohudhuria watakumbuka hilo kuliko jambo jingine lolote ulilolifanya.

5. Anza na sauti

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alifariki mwaka 1950. Tunamjua kwa sababu mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri, na mpaka leo anayejifunza taarab anaweza kuisikia pumzi yake kati ya neno na neno. Sauti hudumu namna hiyo. Picha ikiwa na kiza kidogo watu watavumilia. Sauti ikipasuka wimbo umekwenda.

Kwa hiyo usitegemee maiki ya kamera. Chukua kinasa sauti kidogo, kiweke kwenye stendi mbele ya kikundi, juu ya usawa wa vichwa, na urekodi kwa kiwango cha 48 kHz ili kiendane na video. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya wimbo kuanza; kofi hilo litakusaidia kuoanisha sauti na picha mezani. Kama kuna spika kubwa, omba laini ya pili kutoka kwenye mixa, kwa sababu spika humeza fidla na neyi, na mwimbaji akabaki peke yake na kinanda.

Kisha funga macho usikilize ukumbi. Pangaboi linalialia? Zima. Jenereta liko dirishani? Lisogezwe nyuma ya nyumba. Msikiti uko karibu? Panga nyimbo kabla na baada ya adhana, na wakati wa swala upumzike pamoja nao. Mpiga kanuni mpe nafasi yake ya kulinganisha nyuzi. Chombo chake kina nyuzi zaidi ya sabini, joto na unyevunyevu wa pwani huzilegeza, na hakuna haraka yako itakayozikaza. Huo ndio wakati wa kurekodi vidole vyake: zile pete mbili kwenye vidole vya shahada, kila moja imebana kijiti cha kudonolea nyuzi, na ule ufunguo mdogo anaouzungusha huku amelaza sikio. Mara nyingi kipande hicho ndicho wenyewe huomba kukiona tena.

6. Weka kamera moja isiyohama

Kamera moja, hata simu kwenye stendi, iwe pana na isiguswe mpaka wimbo uishe. Ya pili ndiyo utembee nayo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Ukiacha 30, taa za ukumbini zinaweza kuchezacheza kwenye picha na kuzirekebisha ni kazi ngumu.

Njia ya watunzaji usiizibe. Kwenye taarab, mwenye kuguswa na ubeti huinuka, akaja mdogomdogo na noti mkononi, mkono mmoja juu, akamtunza mwimbaji kisha akarudi kwa madaha yaleyale. Safari hiyo ni sehemu ya wimbo. Ukisimama katikati ya ukumbi na stendi yako umewanyima waliohudhuria nusu ya raha yao. Kaa pembeni, kwa kimo cha mtu aliyeketi. Na kwenye maulidi ya homu, wanaume wakiwa wamepiga magoti kwa safu, miili inainama na kuinuka kwa pamoja, usikatize mbele ya safu hata kama unaiona picha nzuri upande wa pili. Mwisho wa safu utapata picha ya kutosha: mabega yote kwenye mstari mmoja.

7. Wakati wa kuhariri, waamini wenyewe

Mfaransa Jean Rouch, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alirekodi wawindaji wa viboko kwenye mto Niger. Kwenye uhariri akaongeza muziki ili uwindaji uchemke. Aliporudi kwao Ayorou na kuitandaza filamu ukutani, wawindaji walimpinga: kwenye uwindaji watu hunyamaza, kiboko akisikia muziki ule atakimbia. Rouch aliwasikiliza, akauondoa muziki, na desturi ya kurudisha filamu kwa waliorekodiwa akaishika maisha yake yote.

Nasi tuna muziki wetu wa kuongeza: midundo ya kupakua mtandaoni, mwendo wa polepole, rangi za machungwa. Wimbo wa dakika kumi na mbili una sababu ya kuwa dakika kumi na mbili. Kama video ya tangazo lazima iwe fupi, toa mbili: fupi ya kusambaza, ndefu ya wenyewe.

8. Waonyeshe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kisiwa cha Fogo, Newfoundland, nchini Kanada. Mwaka 1967 uvuvi ulikuwa umedorora na kulikuwa na mpango wa kuwahamisha watu. Colin Low wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada akarekodi filamu fupi zaidi ya ishirini, kila moja ikimfuata mtu au jambo moja. Zilionyeshwa kwanza kwa wanakisiwa wenyewe, na aliyerekodiwa aliweza kusema kipande fulani kitolewe. Baadaye zikapelekwa kwa viongozi. Watu wa vijiji vilivyotengana wakaona kwamba shida zao zinafanana. Wakaunda ushirika wa wavuvi, na wakabaki kisiwani kwao. Kwetu, miaka ya 1990, video za namna hiyo zilitumika mwambao wa Mtwara na Lindi, wavuvi wakieleza madhara ya uvuvi wa baruti kwa maneno yao wenyewe.

Huhitaji ukumbi. Azima projekta ya shule au ya msikiti, tafuta shuka jeupe, vuta umeme kwa jirani, subiri baada ya swala ya Isha. Kaa nyuma na daftari. Watakaposema "hapa pametoka vibaya", andika. Wakicheka mahali usipopatarajia, andika pia, maana hapo kuna jambo hukulielewa. Dada mmoja akikufuata pembeni kusema asingependa kuonekana akicheza kwa sababu ya wakwe zake, kipande kinatoka, hata kama ndicho ulichokipenda kuliko vyote.

9. Majina, majina, majina

Kwenye taarab aliyetunga shairi huwa mara nyingi si aliyelitia muziki, na wote wawili si anayeliimba. Waandike wote watatu, kisha kila mpigaji na chombo chake, kisha aliyepika chai kama kikundi kinataka. Mpe katibu orodha aisahihishe kwa mkono wake. Watu wana majina ya utani wanayoyapenda na mengine wasiyotaka yasomwe hadharani. Kama wimbo ni wa zamani na mtunzi hajulikani, waulize wazee kabla ya kuandika "wa asili". Wakati mwingine mjukuu wa mtunzi anakaa mtaa wa pili.

10. Mwachie kijana mmoja ujuzi

Shirika la FilmAid lilianza mwaka 1999 kwa kuwaonyesha filamu wakimbizi wa Kosovo. Baadaye lilipofika Kakuma na Dadaab, nchini Kenya, vijana wa kambini walifundishwa kutengeneza filamu zao wenyewe. Wewe unaweza kufanya hivyo kwa kiasi chako. Kila kikundi kina kijana anayeshika simu kila mahali. Mpe kamera isiyohama aisimamie, mwonyeshe kuweka mwanga nyuma yake na siyo nyuma ya mwimbaji, mfundishe kupunguza sauti kabla haijagonga nyekundu, kaa naye saa mbili kwenye programu ya bure ya kuhariri. Kikundi kikialikwa harusi Ijumaa ijayo, hutakuwepo. Yeye atakuwepo.

11. Kabidhi kweli

Toa ahadi ya tarehe na uitimize. Mwezi mmoja unatosha. Ukipita miezi sita, umeshaingia kwenye orodha ya walioaga kwa bashasha.

Faili kubwa usilitume kwa kiungo cha mtandao peke yake. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula takriban GB 45 kwa saa, na bando la kuipakua ni fedha ambayo kikundi hakina. Peleka mwenyewe kwenye diski au flashi, nakala mbili, zikae nyumba mbili tofauti, moja kwa kiongozi na moja kwa katibu, kwa sababu mvua, mchwa na kuhama nyumba havina taarifa. Ya tatu ibaki kwako, na uwaambie ipo. Ongeza toleo dogo la MP4 linalopita kwenye WhatsApp na kucheza kwenye simu ya kawaida. Hilo ndilo litakaloangaliwa kila siku. Weka pia picha tatu nne za mnato, na sauti ya kila wimbo peke yake, maana redio za mtaani zinahitaji sauti.

Kama wanataka YouTube, wafungulie chaneli yao, kwa barua pepe yao, nywila wakiijua viongozi wawili. Video ikiwekwa kwenye chaneli yako, watazamaji ni wako na mapato yakija ni yako, hata uwe na moyo mweupe kiasi gani. Juu ya kila flashi andika kwa kalamu isiyofutika jina la kikundi, mahali na tarehe, na ndani yake weka ile karatasi ya makubaliano na orodha ya majina, ili atakayeifungua baada ya miaka ishirini ajue anawatazama nani na amwombe nani ruhusa.