Kinanda Kizito, Njia Nyembamba

Swali: Mpiga kinanda wa Kibera, anayehudumu kanisani Kawangware, anauliza: anunue begi au kasha gumu kwa kinanda chake cha vitufe 88?

Jibu: Njia ndiyo inayoamua. Yamaha P-45, kwa mfano, ina kilo 11.5 na urefu wa sentimita 132.6. Kasha la plaiwudi lenye kona za chuma laweza kuuongeza mzigo huo maradufu, na kwenye vichochoro ambako watu huvuka mitaro kwa kukanyaga mawe, magurudumu yake madogo hukwama matopeni.

Begi ndilo linalomfaa. Lakini liwe la sponji nene, hasa kwenye ncha mbili, kwani hizo ndizo hugonga mlango wa matatu. Mikanda ishonwe ikizunguka chini ya begi. Ikishikiliwa na kitambaa cha juu pekee, itang'oka. Fundi wa mabegi anaweza kulishona kwa vipimo vya kinanda chenyewe. Pedali na adapta zikae kwenye mfuko wa nje, kamwe si juu ya vitufe.

Zipu hupitisha maji, hivyo msimu wa mvua begi lifunikwe kwa nailoni.

Kasha gumu? Ni la pikapu, kinanda kinapopangwa pamoja na spika.