Dondoo muhimu: Kamera mkononi, askari mbele yako

Mpiga picha wa ridhaa ambaye alasiri huvutwa na mwanga wa maji ya Likoni, Mombasa, na afahamu kabla ya kuitoa kamera mkobani ya kuwa kivukoni pale kupiga picha kumekatazwa kwa ajili ya usalama, na kwamba jirani, huko Mtongwe, ipo kambi ya Jeshi la Wanamaji, ambako udhuru wa kutojua haumfai mtu. Changamwe nako kuna uwanja wa ndege na gati la mafuta la Kipevu: usielekeze lenzi huko ila kwa idhini ya maandishi. Mitaa ya Kisauni ina wasaa zaidi, bali watu waombwe ruhusa kwanza.

Akija askari, mwamkie, mwite afande, usiifiche kamera, eleza shughuli yako na utoe kitambulisho. Aghalabu mambo huishia hapo. Akitaka uzifute picha, muulize kwa adabu ni kwa sheria ipi. Pesa ya chai usitoe, haina risiti.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha uifahamuyo, ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, ila zikiangukia siku isiyo ya mahakama. Kamera ikizuiliwa, hakikisha imeandikwa katika kitabu cha matukio kituoni, nawe uondoke na nambari ya tukio, kwani ndiyo utakayoulizwa ukipeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi.