Khiyari ya Kurudisha Mali Iliyonunuliwa kwa Simu



Biashara nyingi za siku hizi hufanywa pasi na mnunuzi kumwona muuzaji wala kuishika mali. Mtu wa Lamu huiona saa katika picha ndani ya simu yake, hupeleka shilingi 3,000 kwa M-Pesa kwa muuzaji aliyeko Mombasa, na siku ya pili mzigo humfikia kwa basi. Akiufungua akaona saa haiendi, hutaka fedha zake, nae hujibiwa: soma chini ya picha, pameandikwa mali ikisha kuuzwa hairudi. Wengi hudhani maneno hayo yamekata shauri. Hayakukata.

Ama bei kwa maandishi na simu, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa iliyokutana Jedda mwaka 1990 imeikubali. Kuuza kitu kisichoonwa, kauli yenye nguvu kwa Shafii ni kuwa hakusihi; maimamu wengine wameruhusu kikisifiwa, na juu ya kauli hiyo ndipo wasimamapo wauzao kwa picha. Basi sifa ikihalifu, mnunuzi ana khiyari.

Aibu ya mali ni jambo jingine. Mnunuzi hurudisha ikiwa aibu ilikuwako kabla hajapokea, nayo yapunguza thamani, wala yeye hakuijua. Muuzaji akishurutisha kuwa hana dhima ya aibu yo yote, kwa Shafii sharti hilo halimwokoi illa katika mnyama, tena kwa aibu ya ndani asiyoijua. Kwani mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na ugonjwa wake hufichikana. Saa si mnyama. Imamu Abu Hanifa amelikubali sharti la namna hiyo, lakini kuificha aibu uijuayo hakuruhusiwi na imamu ye yote. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta maji chini, mwenyewe akasema ni mvua, nae akamwuliza kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona.

Na mnunuzi nae ana wajibu, na hapa ndipo wengi wapotezapo haki yao. Kurudisha ni papo hapo. Aliyeijua aibu akiwa katika sala au chakula atamaliza kwanza, na aliyeijua usiku atangoja asubuhi. Lakini aliyeivaa saa wiki nzima hali ajua mbovu, kisha akadai, hana lake. Aliye mbali na muuzaji na ashuhudishe, amwandikie saa ile ile. Na ikiwa ameivunja kioo mwenyewe, hawezi kumlazimisha muuzaji kuipokea. Atadai upungufu wa thamani tu.

Wako wauzaji wema waandikao: rudisha ndani ya siku 7, hata bila ya sababu. Nia ni njema, lakini khiyari ya sharti kwa Shafii haizidi siku tatu, na ikizidishwa ndani ya mapatano huiharibu bei. Imamu Ahmad ameruhusu muda wo wote ujulikanao. Atakaye kusalimika na aache siku hizo nje ya mapatano, kisha mnunuzi akijuta amkubalie ikala, ambayo ni sunna yenye thawabu kubwa. Lakini ikala ni kuivunja bei, basi fedha hurudi kamili: akipokea 3,000 hurudisha 3,000, wala hana ruhusa kukata 300 za usumbufu.