Shangazi Amwone Kila Mtu

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umejibana miezi minane mpaka ukanunua gimbali, ule mkono wa mota unaotuliza kamera, na sasa picha zako zinateleza kama mawese kwenye sufuria ya moto. Harusi tatu mfululizo wenyewe wamepokea video, wakasema asante, wakanyamaza. Hakuna hata mmoja aliyekuletea mteja mwingine. Unaniuliza kama ununue lenzi mpya.

Usinunue. Kaa hapa tuzungumze, na ninyi wengine mnaopiga harusi kuanzia Kizuka mpaka Rumonge mjini sogeeni, maana jambo hili ni letu sote.

Mwaka wangu wa kwanza na gimbali niliitwa kwenye gusaba, sherehe ya posa, uani kwa familia moja, chini ya michikichi. Nikazunguka. Niliwazunguka maharusi, nikauzunguka mtungi wa impeke, pombe yetu ya mtama, nikapita nyuma ya viti vya wazee nimekunja magoti, na kila nikitazama kioo moyo ulinijaa: hakuna mtikisiko hata mmoja. Familia ikaituma video kwa shangazi wa bibi harusi, ambaye wakati huo alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Wiki moja baadaye akanipigia simu mwenyewe. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Mwanangu, kaka yangu alikuja? Nimeona bega la koti kama lake, likapita."

Kaka yake alikuja. Alikaa safu ya mbele tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye aliyesimama kuijibu familia ya bwana harusi. Mimi wakati huo nilikuwa nazunguka mtungi.

Nilikaa na simu ile mkononi muda mrefu. Huku kwetu Burundi karibu kila ukoo una watu upande wa pili wa ziwa. Wako waliokimbia machafuko ya mwaka 1972, wako wa mwaka 1993, wako wa mwaka 2015. Wengine wamerudi, wengine wako Kigoma, wengine Uvira na Baraka, wengine wamefika Kanada na Australia. Hao ndio watazamaji wako, mdogo wangu. Maharusi wenyewe wataitazama video mara mbili tatu, kisha maisha yataendelea. Shangazi aliyekosa kuja ataitazama mpaka aikariri. Anahesabu nyuso. Anataka kujua nani amezeeka, nani amenenepa, nani ameketi karibu na nani, na mtoto yule mwenye gauni la njano ni wa nani.

Kwenye sinema mtazamaji hamjui mtu yeyote, kwa hiyo kamera inaweza kukimbia naye popote. Kwenye harusi ya Kizuka mtazamaji anamjua kila mtu, na anachokuomba ni muda wa kumtambua. Basi ule ulaini ulioununua kwa jasho uweke kwenye kazi hiyo. Pita mbele ya safu ya wazee, si nyuma yao, kamera ikiwa usawa wa macho yao walivyoketi. Kila uso ukae kwenye picha sekunde tatu kamili. Wazee kumi ni nusu dakika. Utahisi unachelewa, utahisi watu wamechoka kukutazama. Endelea vivyo hivyo. Mimi huwa nasema kimoyomoyo, polepole, "shikamoo" kwa kila mzee ninayempitia, na kabla sijamaliza kuisema sisogei kwa mwingine. Kipimo hicho hakijaniangusha bado.

Sasa tuje kwenye miguu yako, maana gimbali nayo ina mipaka ambayo muuzaji huwa haitaji. Ina mota tatu: moja inazuia kamera kuinama mbele na nyuma, moja inazuia kulala upande, moja inazuia kugeuka kushoto na kulia. Hakuna mota inayozuia kupanda na kushuka. Ukitembea kama unawahi basi, picha itabaki imenyooka lakini itarukaruka kama mtumbwi. Hilo linatibiwa na magoti. Yalegeze kidogo, hatua ziwe fupi, kisigino kitangulie kisha unyayo ujiviringishe mpaka vidoleni, na viwiko viwe mbali kidogo na mbavu ili pumzi yako isiifikie kamera.

Ukitaka mwalimu, usiende mbali. Mtazame mama anayetoka ziwani na ndoo kichwani. Mabega yake yanacheza, kiuno kinacheza, magoti yanakunjuka na kukunjika, lakini maji hayamwagiki. Mwili wote unafanya kazi ili kitu kimoja kisitikisike. Mmarekani Garrett Brown alipotengeneza Steadicam huko Philadelphia miaka ya 1970 alikuwa anatafuta jambo lile lile: kuutenga mwili wa anayetembea na kitu anachokibeba. Aliiweka kamera juu ya mhimili, betri na kioo akaviweka chini ili uzito usambae, katikati akaweka kiungo kinachozunguka huru, na mkono wenye springi ukaungwa kwenye fulana ya mpigaji. Kuujaribu mtambo wake alimpiga picha mpenzi wake akikimbia kwenye ngazi za jumba la makumbusho la mji huo, na picha zile ndizo zilizompa mwongozaji wa filamu ya Rocky wazo la ngazi zinazojulikana dunia nzima. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1976. Gimbali za mota tulizonazo leo zilianza kuenea baada ya mwaka 2013, na fulana ile nzito wakaachiwa wenye sinema kubwa.

Kwa hiyo zoezi lako ni hili. Chukua beseni, lijaze maji mpaka ukingoni, lishike mbele ya kifua kwa mikono miwili, utembee uani hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Pale maji yanapomwagika ndipo picha yako inapotikisika. Wengi humwaga wanapoanza na wanaposimama, si wanapotembea katikati. Fanya jioni, wiki mbili, bila kamera. Na anayeniandikia kila mara kwamba hana pesa ya gimbali, hili linamhusu zaidi. Simu au kamera yenye mkanda shingoni, ukiisukuma mbele mpaka mkanda ukakaza, inatulia vizuri kuliko mkono mtupu. Na ukitaka picha ya pete itembee, weka kamera juu ya kitenge kilichokunjwa mezani, kisha uvute kitenge polepole. Nimeitumia njia hiyo hata baada ya kuwa na vifaa.

Michikichi inahitaji neno lake. Ukimfuata bibi harusi kutoka mlangoni mpaka kwenye turubai, anapita kivuli, jua, kivuli, jua. Ukiiachia kamera ijipangie mwanga, picha itakuwa inafumba na kufumbua macho njia nzima, na hapo ulaini wa mwendo haukusaidii kitu. Funga mwanga kabla hajatoka. Pima kwenye uso wake, si kwenye gauni, kwa sababu kamera ikiona nyeupe nyingi hutia giza kila kitu, na ngozi zetu ndizo zinazoumia. Ndani ya ukumbi usiku taa nazo zina tabia zake: ukiona mistari inatambaa kwenye picha, rekebisha shata iwe 1/50 au 1/100, inayoendana na umeme wetu wa hezi 50. Piga fremu 25 kwa sekunde. Fremu 50 ziweke kwa ajili ya ngoma na vitambaa vinavyorushwa, ambavyo utakuja kuvipunguza mwendo hadi nusu. Usizitumie mtu akizungumza.

Na mtu akizungumza, simama.

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Gusaba ni maneno. Msemaji wa huku na msemaji wa kule wanapimana kwa mafumbo, wanakwepana, wanachekeshana, na hata pale inkwano, yaani mahari, inapokuja ndani ya bahasha bado inasemwa kwa lugha ya ng'ombe. Watu wazima wanakuja kusikiliza hilo. Kamera inayozunguka hapo inamnyang'anya mzee watu wake, kwa sababu macho yote yanakufuata wewe. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, umpate msemaji kuanzia kifuani, uiache. Kinasa sauti kidogo, au hata simu ya pili iliyozimwa mtandao, kiwe mfukoni mwa koti lake, kwa ruhusa yake. Mwombe kwa heshima, kabla, akiwa bado hajavaa uso wa kazi. Upepo wa ziwa ukianza saa za mchana, kipaza sauti kisichofunikwa kitakupa ngurumo tu.

Ukiwa na msaidizi, yeye ndiye atembee, naye azunguke kwa wanaosikiliza: mama anayefuta jicho kwa ncha ya imvutano, vazi lake la sherehe, kijana anayejizuia kucheka. Ukiwa peke yako, vumilia. Maharusi watakapoinama pamoja kwenye mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, hapo unaweza kushuka chini usawa wa mtungi na kusogea mbele hatua tatu, taratibu, ukome. Mara moja inatosha. Anayesogea akijua anakokwenda huonekana, na asiyejua pia huonekana.

Ngoma, ingoma zetu, nazo zinataka utulie. Wapigaji wanaruka, fimbo zinaruka, duara linabadilika; ukiruka nawe mtazamaji hatajua ni nani anayecheza. Kaa chini, mbele, kando kidogo, uwaache wao wajaze picha. UNESCO iliziandika ngoma hizi kwenye orodha ya urithi wa ubinadamu mwaka 2014, na tangu mwaka 2017 ziko chini ya amri ya rais inayotaka vikundi vitambuliwe na vipate kibali kwa sherehe za watu binafsi. Kibali ni kazi ya wenye harusi na kikundi, lakini uliza mapema kama kipo, usije ukapanga saa nzima ya kazi kwa ajili ya ngoma ambazo hazitakuja.

Kwa etasivili, ndoa ya serikali, gimbali ibaki kwenye mfuko. Vyumba vya komini ni vidogo, na siku nyingine maharusi ni wengi mno. Mnakumbuka mwaka 2017, serikali ilipowataka wote wanaoishi pamoja bila ndoa waandikishe ndoa kabla mwaka haujaisha. Pata sahihi, pata mikono, pata afisa anaposoma. Toka.

Wasichana, mnisikilize peke yenu kidogo. Kwenye harusi za Waislamu wa Rumonge, upande wa wanawake unamhitaji mpiga video mwanamke, na wanaoijua kazi hii vizuri ni wachache. Humo ndani kuna dufu, kuna kaswida, kuna hina inayong'aa, na kuna wanawake waliovua mitandio kwa sababu wameambiwa anayepiga ni mwanamke. Uaminifu huo ni mzito. Kadi ya upande huo iwe yake, isichanganywe na nyingine, umkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Hata sekunde kumi usiziweke kwenye stetasi ya WhatsApp kwa kujitangaza. Mwulize kila mmoja anayekaa mbele kama anataka kuonekana, na asiyetaka, ipitishe kamera pembeni yake bila kumfanya ajisikie. Nimeona binti mwenye kipaji kikubwa akikosa kazi msimu mzima kwa klipu moja tu.

Mambo ya mfukoni sitayakalia. Andikianeni hata ukurasa mmoja, pokea malipo ya awali, chaji betri zote tangu usiku wa kuamkia Ijumaa kwa sababu umeme hauna ahadi, na video ya megabiti 50 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 22 na nusu kila saa, kwa hiyo kadi moja ya 64 haikufikishi jioni. Nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

Mwisho ni jioni, ile saa mnayoipenda wote. Jua letu linazama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo, na kuanzia saa kumi na moja na nusu ziwa linakuwa shaba. Kila mpiga video anawaweka maharusi wawe wameliacha ziwa mgongoni, kisha anashangaa kwa nini nyuso ni nyeusi. Wageuze. Watembee sambamba na maji, jua likiwagusa shavu moja, kwenye mchanga uliolowa kwa sababu ule mkavu unazama na utakuvunja mwendo wako wote wa beseni. Wewe uwatangulie ukirudi kinyumenyume, hatua kumi na tano tu, na usiwaambie watabasamu. Waambie waongee, baada ya siku nzima ya kukaa mbele za watu wana mengi ya kusemezana.

Kurudi kinyumenyume ufukweni, kukiwa na nyavu, kamba na mitumbwi iliyovutwa juu, hakufanywi na mtu mmoja. Chukua kijana mwenye macho mazuri, asimame nyuma yako, akushike mkanda wa kiuno kwa mikono miwili, akuvute kulia au kushoto bila kusema neno ili sauti yake isiingie. Mfundishe siku moja kabla. Na bei unayomtajia mteja iwe na fungu la kijana huyo ndani yake.