Fikra Zinapokutana: Je, Ni Wizi?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, Ramadhani iliyopita ndugu wawili walitoa darsa fupi msikitini kwetu chuoni baada ya Alasiri, mmoja Jumatatu na mwingine Alhamisi. Wote wawili waliifananisha dunia na paki ya taksi: watu wengi, kelele nyingi, lakini hakuna anayejenga nyumba pale. Tulinong'ona kuwa yule wa pili ameiba darsa ya mwenzake. Mimi pia nilinong'ona. Baadaye tukajua kuwa Jumatatu ile alikuwa kijijini kwao msibani. Lakini maneno yalikwishamfikia, na hakusimama tena mbele yetu.

Tawarud al-khawatir ni nini?

Wataalamu wa fasihi ya Kiarabu wanalijua jambo hili kwa jina la tawarud al-khawatir, yaani fikra za watu kufika mahali pamoja bila ya kuagana, kama makundi mawili ya ngamia yanavyokutana kisimani. Mfano wake mashuhuri ni Imru' al-Qays na Tarafa, washairi wa zama za Jahiliya. Katika Mu'allaqa ya kila mmoja umo ubeti unaokaribia kuwa ule ule, tofauti ikiwa ni neno la mwisho la kina tu. Wako waliosema ni wizi, na wako waliosema ni fikra zilizokutana.

Abu Amr ibn al-Ala wa Basra, mmoja wa maimamu saba wa kisomo cha Qur'an, aliulizwa kuhusu washairi wawili wasioonana wala kusikiana, kisha wakaafikiana kwa maana na kwa maneno. Akajibu kuwa hizo ni akili za watu zilizokutana kwenye ndimi zao. Al-Jahiz, naye wa Basra, aliona kuwa maana zimetapakaa njiani, anaziokota Mwarabu na asiye Mwarabu.

Kwa nini hutokea? Kwa sababu tunakunywa kisima kimoja. Ndugu zetu wale wawili wameisoma hadithi ile ile ya Ibn Umar (R.A.), inayotuusia tuishi duniani kama mgeni au mpita njia. Na wote wawili hupita paki ile ile wakienda mjini. Ajabu ingekuwa wasifanane!

Adabu ya Mtume (S.A.W.)

Tazameni kisa cha adhana, kama alivyokipokea Abu Dawud. Abdullah ibn Zayd (R.A.) alioteshwa maneno ya adhana, akamweleza Mtume (S.A.W.), na Bilal (R.A.) akaadhini. Umar (R.A.) akasikia akiwa nyumbani, akatoka akiburura shuka yake, akaapa kuwa naye ameota kama hivyo. Ile ilikuwa ndoto ya haki, hatuilinganishi na darsa zetu. Lakini chukueni adabu iliyomo: Umar alifika wa pili, na hakuna aliyemwambia kuwa amedandia ya mwenzake. Mtume (S.A.W.) alimhimidi Allah.

Tuhukumu vipi?

Al-Qadhi al-Jurjani, kadhi wa Rayy aliyefariki mwaka 392 Hijria, alijizuia kabisa kukata hukumu ya wizi juu ya mshairi. Ikiwa kadhi alijizuia, sisi tuna haraka gani? Tujiulize kwanza:

1. Je, aliipata kazi ya mwenzake kabla?
2. Je, kinachofanana ni maana ya watu wote, kama kumwita shujaa simba, au ni jambo la mtu mmoja?
3. Je, mpangilio, maneno na hata makosa ya tahajia ni yale yale?

Hili la tatu ni letu sisi wanafunzi. Anayenakili kazi ya mwenzake usiku, kisha asubuhi akadai ni tawarud, ameongeza uongo juu ya wizi. Fikra hukutana, lakini kurasa tatu nzima hazikutani.

Lakini pasipo na ushahidi, Suratul Hujurat aya ya 12 imetuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi.

Nimemwendea ndugu yetu kumwomba msamaha. Amenisamehe. Nilipomwomba arudi kutoa darsa, alisema ataangalia. Nawaomba nanyi mlionong'ona pamoja nami mumwendee, kwani ulimi wa mmoja hautoshi kuziba tundu lililotobolewa na ndimi nyingi.

Wabillahi tawfiq.