SOMO LA MWEZI HUU: JABALI LILILOLEGEA HUJULIKANAJE?

Ndugu Wanachama,

Somo letu la safari hii si la miche wala la kuanika karafuu. Ni la majabali yaliyokaa juu ya miteremko, ambayo chini yake watu hujenga vibanda, hutandika majamvi na kuegesha madau. Tumelichagua kwa sababu kila hatari hii inapotajwa, husikika jawabu lile lile: "Jiwe hili lipo tangu enzi za babu zetu." Jawabu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Jabali laweza kuliwa kidogo kidogo kwa miaka mia, kisha likaanguka kwa usiku mmoja.

Na tutazame Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa mwanzo wa karne ya 14, limekaa ukingoni mwa genge juu ya bahari. Maji ya mvua yamechimba mfereji katika genge hilo, na kuta zilizobaki ukingoni zimo katika hatari ya kuporomoka. Mimea iliyoota hapo huzuia mfereji usipanuke, lakini mizizi yake hupasua kuta. Kwenye ngome ya Gereza adui ni mawimbi, ambayo yamekwisha kuangusha sehemu ya upande wa bahari. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kwa sababu ya uharibifu yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini toka 2004 hata 2014. Tena mwezi wa Mei 2024 mvua kubwa na dhoruba iliyoitwa Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, katika wilaya hiyo ya Kilwa. Maji yenye nguvu za kukata barabara hayashindwi kuingia katika nyufa za mawe.

Basi, mtu atajuaje kuwa jabali limeshikamana au limelegea? Macho peke yake hayatoshi, kwa kuwa ufa wa hatari mara nyingi hujificha nyuma ya jiwe. Wataalamu hupima mitetemo.

Chukua nguzo mbili zilizo sawa kwa urefu na unene. Moja ichimbie vizuri na kuishindilia; ya pili itie katika shimo fupi. Zisukume zote mbili. Iliyoshindiliwa hutetema kidogo tena upesi. Ile nyingine huyumba sana tena polepole. Jabali nalo ni vivyo hivyo. Ardhi haitulii kamwe: mawimbi yapiga, upepo wavuma, magari yapita, na kila jabali hutetema kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Chombo kiitwacho seismometa huandika mitetemo hiyo. Kimoja huwekwa juu ya jabali linaloshukiwa, na cha pili juu ya mwamba imara ulio karibu. Kisha hutazamwa mambo mawili:

1. Ukubwa wa mtetemo. Jabali likiyumba zaidi sana kuliko mwamba, ni dalili kuwa halikushikwa vema.

2. Idadi ya mitetemo kwa sekunde. Ufa ukiendelea, mahali paliposhikamana hupungua, na idadi hiyo hushuka.

Mfano mzuri watoka Ufaransa, katika milima ya Vercors, ambako mawe ni ya chokaa kama yalivyo matumbawe ya pwani yetu. Palikuwa na nguzo kubwa ya jabali, Chamousset, yenye ujazo wa meta 21,000 hivi za mraba-tatu. Mitetemo yake ilikuwa 3.4 kwa sekunde. Ikashuka hata 2.6, na mwezi wa Novemba 2007 jabali likaanguka.

Lakini kuna tahadhari. Jabali kubwa kwa asili yake hutetema polepole kuliko dogo, kwa hiyo jabali lilinganishwe na hali yake lenyewe ya zamani. Tena jua hulivimbisha jiwe na kuubana ufa, na baridi ya usiku huuachia. Idadi hupanda na kushuka bila ya hatari kuzidi. Hapana budi kupima mara nyingi, kwa muda mrefu. Na kipimo hakitaji siku ya kuanguka; chasema tu kuwa hali inazidi kuharibika.

Sisi hatuna seismometa mashambani, lakini ufa unaoonekana twaweza kuupima. Tunawaomba wanachama:

– Tieni alama mbili za rangi, moja kila upande wa ufa. Pimeni nafasi kwa rula kila mwanzo wa mwezi, asubuhi kabla ya jua kukolea, na baada ya kila mvua kubwa. Andikeni tarehe na kipimo. Asiyeweza kuufikia ufa bila ya kusimama chini ya jabali, asipime.

– Msichimbe mawe ya chokaa chini ya genge.

– Nafasi ikizidi, ondoeni watu kwanza, majamvi baadaye, kisha mwarifuni sheha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa jabali hauzibiki kwa udongo, lakini kibanda chaweza kuhamishwa. Leteni vipimo vyenu katika mkutano wa kabla ya masika.

Wabillahi tawfiki.

Katibu