Kabla Hujaigawa Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta ya nyumbani haina mwenyewe mmoja. Baba aliandikia humo barua za kazi, mama akaweka hesabu za kikoba, watoto wakafanyia kazi za shule, na shangazi aliyekuja likizo akafungua barua pepe yake akasahau kutoka. Kwa hiyo ikishaamuliwa kwamba apewe mpwa anayeanza chuo, au ipelekwe shule ya kijijini, waulizeni kwanza wote waliowahi kuitumia: una chako humo? Wapeni wiki moja ya kujibu. Baada ya hapo kuna hatua nne, na mpangilio wake una maana: kuhamisha, kutoka kwenye akaunti, kufuta, kisha kuiandaa kwa anayeipokea.

Hamisha kilicho chenu

Msiishie kwenye picha. Pitieni Desktop, Documents, Downloads, Pictures na diski D, maana katika nyumba nyingi ndiko huko huwekwa video za harusi na filamu. Tafuteni vyeti vya kuzaliwa na vya shule vilivyoskaniwa, nakala za vitambulisho vya taifa, mikataba ya pango na taarifa za benki. Angalieni pia nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kwa sababu mara nyingi hakuna anayezikumbuka kichwani.

Nakilini kila kitu kwenye diski ya nje, kisha muwe na nakala ya pili mahali pengine, kama vile Google Drive. Flashi ni ya kubebea faili, si ya kutunzia kumbukumbu za miaka kumi. Mkimaliza, chomekeni diski ile kwenye kompyuta nyingine mfungue faili kadhaa: picha moja ya zamani, video moja, hati moja. Faili inaweza kuonekana kwa jina lakini isifunguke.

Msisahau matundu. Fungueni trei ya DVD na mwangalie nafasi ya memori kadi. Trei ikikataa kufunguka, tafuteni kitundu kidogo mbele yake. Ukizima kompyuta na kusukuma humo waya wa klipu ya karatasi ulionyooshwa, itatoka yenyewe.

Toka kwenye akaunti zote

Kila mtu atoke kwenye akaunti zake: Google, Microsoft, Facebook, na zile za benki. WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta hukatwa kwa kutumia simu, kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Orodha kama hiyo ipo pia kwenye akaunti za Google na Microsoft. Iondoeni kompyuta hiyo humo.

Kama ni Mac, tokeni kwenye iCloud na mzime huduma ya Find My. Msipofanya hivyo, mpokeaji anaweza kukuta mashine imefungwa kwa akaunti yenu na asiweze kuitumia kabisa. Vivyo hivyo kwa nywila inayoulizwa kabla hata Windows haijafunguka: iondoeni wakati bado kuna anayeikumbuka.

Kupiga Windows upya hakutoshi

Hapa ndipo wengi hukwama. Fundi atakwambia, "Usijali, nakupigia Windows upya, inakuwa mpya." Mara nyingi anachofanya ni kufuta diski C peke yake. Diski D hubaki kama ilivyo, pamoja na picha zote za familia. Wakati mwingine hata kwenye C hubaki folda iitwayo Windows.old, yenye faili za watumiaji wa zamani.

Na hata kilichofutwa, mara nyingi hakijaondoka. Ukifuta faili na kumwaga Recycle Bin, kompyuta hufuta kumbukumbu ya mahali faili ilipo, sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuziacha sura zote kitabuni. Programu za kurejesha faili zinapatikana bure, na mtoto wa sekondari anaweza kuzitumia.

Njia ya uhakika kwa Windows 10 na 11 imo ndani ya mfumo wenyewe. Kwanza chomoeni diski ya nje na flashi zote, msije mkafuta nakala mlizotoka kutengeneza. Nendeni kwenye Settings, sehemu ya Recovery, mchague "Reset this PC", halafu "Remove everything". Kabla ya kuthibitisha, bofyeni "Change settings" muwashe vitu viwili: kusafisha data, ambako huandikwa "Clean data", na kufuta faili kwenye diski zote, siyo ile ya Windows tu. Chaguo hili la pili ndilo linaloigusa diski D.

Kazi hii huweza kuchukua saa kadhaa, hivyo chomekeni chaja na mhakikishe LUKU ina yuniti za kutosha. Umeme ukikatika katikati, na betri ni ile iliyokwisha kufa, kompyuta huenda isiwake tena mpaka ipelekwe kwa fundi. Ikimaliza itauliza uko nchi gani. Izimeni hapohapo, maswali yaliyobaki atayajibu mpokeaji.

Kwenye Mac zenye chipu za Apple au chipu ya T2, kuanzia macOS Monterey ya mwaka 2021, kuna chaguo la "Erase All Content and Settings" linalomaliza kazi yote kwa mara moja.

Ipo njia nyingine ambayo mafundi wazuri huipenda: toeni diski ya zamani mbaki nayo, kisha mnunue SSD mpya na kuweka mfumo upya. Siri zenu hazitoki nyumbani, na diski ile ikiwekwa kwenye kava la USB huwa kumbukumbu ya familia. Zaidi ya hayo, kompyuta iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka huanza kuwaka kwa sekunde chache. Hii ndiyo njia ya kufuata pia kama kompyuta haiwaki kabisa na hamwezi kufuta chochote.

Kama kompyuta ilitumika pia kwa duka, tuisheni au zahanati, taarifa za wateja si mali yenu ya kugawa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Mpe kitu kinachofanya kazi

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Hilo halizifanyi kuwa takataka. Linux Mint ni ya bure, hutosheka na RAM ya GB 4, na huja na LibreOffice inayofungua hati za Word na Excel. Kwa mwanafunzi anayeandika kazi na kutafuta mambo mtandaoni, inatosha.

Ondoeni vumbi kwenye feni kwa blowa, kompyuta ikiwa imezimwa, na mfute kibodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Chaja iende pamoja na kompyuta, tena ile inayofanya kazi bila kushikiliwa kwa mkono. Betri ikiwa imevimba, msiitoboe wala kuendelea kuichaji. Itolewe na fundi na ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Andikeni karatasi fupi ya makabidhiano: aina ya kompyuta, namba yake ya utambulisho iliyo upande wa chini, jina la aliyetoa na la aliyepokea, tarehe na sahihi. Mpokeaji akiulizwa ameipata wapi, ana cha kuonyesha. Kwenye karatasi hiyohiyo tajeni kasoro bila kuficha: betri inakaa dakika ishirini, herufi moja haibonyezeki, spika ya kushoto haisikiki. Na kama kasoro ni nyingi kiasi kwamba nyinyi wenyewe msingeivumilia, msiipeleke shuleni kwa jina la msaada. Mwalimu hana bajeti ya fundi, na hatakuwa na pa kuitupa.